Dola Milioni 136 kwa Mshambuliaji Mmoja: Je, Zinastahili?

Mwezi huu wasomaji wetu wanaoishi Marekani na Kanada wametuandikia kwa wingi kuhusu mishahara ya nyota wa hoki ya barafuni, na barua moja imetoka Nairobi kwa kijana anayeucheza mchezo wenyewe. Tumechagua barua tatu ambazo kwa pamoja zinagusa kiini cha jambo: tutajuaje kama mkataba wa mchezaji nyota una thamani ya fedha zilizoandikwa ndani yake?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Nakuru na nimeishi Saint Paul, Minnesota, kwa miaka 11. Wanangu wawili wamekulia hapa na wameipenda hoki kiasi kwamba hata mimi niliyelelewa kwa kandanda nayajua sasa majina ya wachezaji wote wa Minnesota Wild. Klabu hiyo imempa mshambuliaji wake Kirill Kaprizov mkataba wa miaka 8 wenye thamani ya dola milioni 136. Mwanangu mkubwa anashangilia, lakini mimi nina mashaka, kwa sababu nakumbuka jinsi mikataba ya Zach Parise na Ryan Suter ilivyoifunga klabu hii mikono na miguu. Je, mchezaji aliyekosa nusu ya michezo katika msimu wa 2024-25 anastahili fedha zote hizo? Na je, si sisi wanunuzi wa tiketi tutakaozilipa?
Mama wa watoto wawili, Saint Paul

JIBU: Mama, mashaka yako yana msingi, nami nitakupa hukumu yangu mapema ili uyasome maelezo ukiwa unaijua. Naamini mkataba huu unastahili, ila ningefurahi zaidi kama ungekuwa mfupi kwa miaka miwili.

Mkataba wenyewe ulitiwa saini tarehe 30 Septemba 2025. Ni wa wastani wa dola milioni 17 kwa mwaka, utaanza kuhesabiwa msimu wa 2026-27, na ndio mkubwa kuliko wote katika historia ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada. Kabla haujaanza, Kaprizov anamalizia mkataba wa miaka mitano aliousaini mwaka 2021, ambao ulimpa wastani wa dola milioni 9 kwa mwaka. Mtu akisikia kwamba mshahara umepanda kutoka milioni 9 hadi milioni 17, ni haki yake kushtuka. Hata hivyo, katika hoki dola haisemi mengi mpaka iwekwe kando ya kitu kingine, nacho ni kikomo cha mishahara.

Sisi tuliozoea kandanda tunajua kwamba klabu yenye tajiri humnunua mchezaji imtakaye, na akishindwa, tajiri huingiza tena mkono mfukoni. NHL haiendeshwi hivyo. Ligi hiyo ilipoteza msimu mzima wa 2004-05 kwa sababu ya mgogoro kati ya wenye klabu na chama cha wachezaji, na mgogoro ulipomalizika kila klabu ikawekewa kiwango ambacho jumla ya mishahara yake haiwezi kukivuka. Katika msimu wa 2005-06 kiwango hicho kilikuwa dola milioni 39. Katika msimu wa 2025-26 ni dola milioni 95.5, na ligi imekwisha kutangaza kwamba kitafika milioni 104 msimu wa 2026-27 na milioni 113.5 msimu unaofuata. Kwa hiyo mwenye klabu anapomlipa nyota wake, kinachotumika ni nafasi chini ya dari, na nafasi hiyo ikishachukuliwa na mchezaji mmoja haiwezi kumlipa beki wala kipa, hata kama mwenye klabu ana utajiri usiohesabika.

Hii ndiyo sababu watu wa hoki huuliza kwanza mchezaji anachukua asilimia ngapi ya kikomo, na ndipo huuliza ni dola ngapi. Tumpime Kaprizov kwa kipimo hicho. Katika mwaka wa kwanza wa mkataba mpya atachukua asilimia 16 na kidogo ya kikomo, na katika mwaka wa pili atakuwa amekwisha kushuka hadi asilimia 15. Connor McDavid wa Edmonton, mkataba wake wa dola milioni 100 ulipoanza katika msimu wa 2018-19, alichukua karibu asilimia 16. Alex Ovechkin wa Washington alisaini mwaka 2008 mkataba wa miaka 13 na dola milioni 124, ambao wengi waliuona ni wazimu, na katika mwaka wake wa kwanza ulichukua karibu asilimia 17. Kwa hiyo fedha za Kaprizov, ingawa ni nyingi kwa hesabu ya dola, hazijavuka mstari ambao nyota wa kiwango cha juu wamekuwa wakilipwa tangu kikomo kiwepo.

Mkataba wa Ovechkin unastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa ndio ushahidi bora tulio nao wa mkataba mrefu uliofanikiwa. Katika misimu 13 ya mkataba ule alifunga mabao 567, akaipa Washington Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, mwaka 2018 na kutajwa mchezaji bora wa hatua ya mtoano, na mkataba ulipofikia mwisho katika msimu wa 2020-21 sehemu yake ya kikomo ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 12, kwa sababu kikomo kilipanda na mshahara wake ukabaki palepale. Kadiri miaka ilivyosonga, ndivyo alivyozidi kuwa rahisi kwa klabu. Minnesota wanategemea upepo huohuo. Ipo lakini tofauti moja ambayo siwezi kuificha: Ovechkin alisaini akiwa na umri wa miaka 22, na mkataba ukamalizika akiwa na miaka 35. Kaprizov alizaliwa tarehe 26 Aprili 1997. Atauanza mkataba wake akiwa na miaka 29 na kuumaliza akiwa amefikisha 37.

Hapo ndipo ninapoitamani ile miaka miwili iondolewe. Washambuliaji wengi wa hoki huwa katika kilele chao wakiwa kati ya miaka 22 na 28, na baada ya 30 mabao huanza kupungua, kwa wengine polepole na kwa wengine kwa ghafla. Mchezo huu unadai kasi ya miguu juu ya barafu na unamrudisha mchezaji katika migongano kila usiku. Klabu inayosaini mkataba wa namna hii inajua, hata kama haisemi hadharani, kwamba inanunua miaka mitano ya kwanza na kwamba mitatu ya mwisho ni sehemu ya bei.

Sasa nije kwa Parise na Suter, kwa sababu najua jeraha hilo bado halijapona katika mji wako. Tarehe 4 Julai 2012 Minnesota iliwasaini wote wawili kwa siku moja, kila mmoja kwa miaka 13 na dola milioni 98. Wakati ule sheria ziliruhusu miaka ya mwanzo ijazwe fedha na ya mwisho iachiwe kidogo, ili wastani unaohesabiwa kwenye kikomo uwe mdogo. Julai 2021, ikiwa imebaki misimu minne, klabu iliamua kuivunja mikataba yote miwili kwa kulipa fidia, na adhabu iliyotokana na ule ujanja wa zamani ikaiangukia. Katika misimu ya 2023-24 na 2024-25 karibu dola milioni 15 za kikomo chake kila msimu zilikuwa za wachezaji wasiokuwepo. Fikiria timu inayoingia barafuni ikiwa na pengo la mshahara wa nyota mzima, na nyota mwenyewe hayupo. Kaprizov alicheza miaka yake bora ndani ya pengo hilo, na wanaomlaumu kwamba hajaivusha timu katika mtoano wanapaswa kulikumbuka.

Kosa lile haliwezi kurudiwa kwa umbo lilelile, kwa kuwa tangu makubaliano ya mwaka 2013 hakuna mkataba unaozidi miaka 8, na mshahara hauruhusiwi kuporomoka vile kutoka mwaka hadi mwaka. Makubaliano mapya yanayoanza Septemba 2026 yatapunguza urefu huo hadi miaka 7, hivyo mkataba wa Kaprizov ni miongoni mwa ya mwisho ya urefu wake. Hatari iliyobaki ni nyingine: mikataba ya nyota wa siku hizi hulipwa kwa sehemu kubwa kama bonasi za kusaini, na bonasi hizo hazipungui klabu inapouvunja mkataba. Mlango wa kutokea ni mwembamba.

Kuhusu afya yake, hesabu zako ni sahihi. Katika msimu wa 2024-25 alicheza michezo 41 kati ya 82 na alilazimika kufanyiwa upasuaji. Ukijumlisha misimu minne, kuanzia 2021-22 hadi 2024-25, alicheza michezo 264 kati ya 328, maana yake alikosa mmoja katika kila mitano. Hilo ni doa. Lakini katika michezo hiyo 264 alipata pointi 335, na katika hoki kila bao na kila pasi ya bao huhesabiwa pointi moja. Msimu wa 2021-22 pekee alifikisha mabao 47 na pointi 108, rekodi ambayo hakuna mchezaji wa Minnesota Wild aliyewahi kuifikia kabla yake. Hata katika msimu ule wa majeraha alirudi kwa mtoano dhidi ya Vegas na kupata pointi 9 katika michezo 6, ingawa timu ilitolewa.

Hoja inayonishawishi zaidi ya zote ni hii: kama Minnesota isingemlipa, ingefanya nini na nafasi ile? Julai 2026 angekuwa mchezaji huru, na klabu isingepata chochote, kwa kuwa katika hoki hakuna ada ya uhamisho kama tunayoijua katika kandanda. Watu wa mji wako wanalijua jambo hili kwa uzoefu, kwani mwaka 2009 Marian Gaborik, mfungaji wao mkubwa wa wakati ule, aliondoka akiwa huru kwenda New York Rangers na Minnesota ikabaki mikono mitupu. Dola milioni 17 za nafasi hazifungi mabao. Wachezaji wa kiwango cha Kaprizov hawauzwi sokoni kila kiangazi. Yeye mwenyewe, katika ule uteuzi wa kila mwaka ambapo klabu hupokezana kuchagua wachezaji chipukizi, alichaguliwa mwaka 2015 akiwa wa 135, baada ya klabu zote kumpita mara kadhaa, na Minnesota ilimsubiri kwa miaka mitano mpaka alipofika. Subira kama hiyo ikikulipa, huitupi kwa sababu ya milioni mbili au tatu za ziada kwa mwaka.

Swali lako la tiketi nalichukulia kwa uzito, kwa kuwa najua familia inavyojinyima ili watoto wauone mchezo mmoja. Ukweli ni kwamba mkataba huu hautapandisha bei ya kiti chako. Wachezaji wa ligi nzima kwa pamoja wanapewa asilimia 50 ya mapato yanayotokana na mchezo, na sehemu ya kila mshahara huweza kuzuiwa mpaka hesabu ya mwaka ifungwe, ili jumla isizidi nusu hiyo. Nyota mmoja akipata zaidi, wanaobanwa ni wachezaji wenzake, hasa wale wa katikati, ambao si nyota wala si wa mshahara wa chini, uliokuwa dola 775,000 katika msimu wa 2025-26. Bei ya tiketi hupangwa kwa kuangalia ni watu wangapi wako tayari kuinunua. Kaprizov angecheza kwa nusu ya mshahara, kiti chako kingeuzwa kwa bei ileile na tofauti ingekwenda kwa wengine.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni Mkongo kutoka Bukavu na ninaendesha basi hapa Edmonton. Oktoba 2025 Connor McDavid, ambaye kila mtu anakubali kuwa ndiye mchezaji bora duniani, aliongeza miaka miwili tu kwa mshahara uleule wa dola milioni 12.5. Abiria wangu wamegawanyika. Wengine wanasema amedanganywa, wengine wanasema anajiandaa kuondoka, na wengine wanamwita mtakatifu. Wewe unasemaje?
Msomaji, Edmonton, Alberta

JIBU: Ndugu yangu, huu ndio mkataba wenye faida kubwa kwa klabu kuliko wowote ninaoujua, na hakudanganywa hata kidogo.

Sheria inaruhusu mchezaji mmoja kulipwa mpaka asilimia 20 ya kikomo. Hesabu hiyo hufanywa kwa kikomo cha msimu wa kusaini, nacho kilikuwa milioni 95.5, kwa hiyo McDavid angeweza kupewa hadi dola milioni 19.1. Amechukua 12.5. Ameacha mezani zaidi ya milioni 6 kwa mwaka, fedha zinazotosha kumlipa beki wa daraja la kwanza au washambuliaji wawili wazuri wa mstari wa pili. Sehemu yake ya kikomo itakuwa asilimia 12 katika mwaka wa kwanza wa nyongeza, na mwaka unaofuata asilimia 11. Mwenzake Leon Draisaitl, ambaye ni bora pia lakini hajafika alipofika McDavid, alisaini mwaka 2024 mkataba wa miaka 8 wa dola milioni 14 kwa mwaka. McDavid, ambaye ndiye nahodha, atalipwa pungufu kuliko mwenzake, na alilikubali hilo kwa hiari yake.

Kwa nini alifanya hivyo? Tazama miaka yake. Hadi aliposaini alikuwa ameshinda tuzo ya mfungaji wa pointi nyingi mara tano na ya mchezaji bora wa msimu mara tatu, na katika msimu wa 2022-23 alifikisha pointi 153. Mwaka 2024 alitajwa mchezaji bora wa mtoano ingawa timu yake ilipoteza fainali dhidi ya Florida Panthers katika mchezo wa saba, jambo ambalo hutokea kwa nadra mno. Mwaka 2025 Edmonton ilirudi fainali ikafungwa tena na Florida haohao. Mji wako haujalibeba Kombe la Stanley tangu mwaka 1990. Mtu wa namna hiyo hakosi fedha. Kinachompita kila mwaka ni kombe, na kwa nafasi aliyoiacha anajaribu kuongeza nguvu kwenye timu inayomzunguka.

Abiria wako wanaosema anajiandaa kuondoka nao wana sehemu ya ukweli. Angetaka kubaki bila masharti angesaini miaka 8. Miaka miwili ni onyo la heshima kwa uongozi: nimewapa nafasi, nionyesheni mtaitumiaje. Kwa mtazamo wangu, kila mkataba wa bei nafuu wa nyota ni deni linalohama kutoka kwa mchezaji kwenda kwa wakubwa wa klabu. Colorado ilikuwa na Nathan MacKinnon kwa dola milioni 6.3 tu kwa mwaka, mkataba wa miaka saba aliousaini mwaka 2016 kabla hajawa nyota kamili, na nafasi ile waliitumia vizuri mpaka wakachukua kombe mwaka 2022. Baada ya hapo MacKinnon akalipwa dola milioni 12.6 kwa mwaka, na hakuna aliyenung'unika.

Ningependa pia uwaeleze abiria wako jambo moja linalosahaulika. Jimbo la Florida halitozi kodi yake ya mapato, ilhali Alberta na serikali kuu ya Kanada hutoza. Kwa hiyo mshahara ulioandikwa kwenye mkataba wa Edmonton na ule wa Florida, hata ukilingana kwa tarakimu, haulingani mfukoni. McDavid aliyajua hayo aliposaini. Wanaomwita mtakatifu wanazidisha, kwa sababu dola milioni 12.5 si sadaka, lakini wanaomwita mjinga hawajui wanachokisema.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni kijana wa miaka 17 na ninacheza hoki Nairobi, katika uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Sisi tunagawana vifaa, kwa hiyo mishahara ya NHL ni kama hadithi kwetu, lakini tunaifuatilia. Rafiki yangu anasema njia rahisi ya kujua kama mkataba unastahili ni kugawa fedha kwa idadi ya mabao. Mimi ni kipa, na nimemuuliza kipa atagawiwa kwa nini. Nani yuko sahihi?
Kipa wa Nairobi

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kusimama langoni, mahali ambapo wengi hukimbia.

Rafiki yako ana njia inayofurahisha lakini haifiki mbali. Tukiitumia kwa Ovechkin, dola milioni 124 kwa mabao 567 ni takribani dola 218,700 kwa kila bao. Tumejua nini? Hatujui bao lipi lilifungwa dhidi ya lango tupu na lipi liliamua mchezo wa fainali. Hatujui pia nani aliurejesha ule mpira mdogo bapa kutoka ukingoni mpaka ukamfikia. Tena mshambuliaji nyota hukaa barafuni dakika 20 hadi 22 kati ya 60, yaani takribani theluthi moja ya mchezo, na katika dakika zilizobaki wengine ndio wanaoilinda timu. Ndiyo maana katika hoki nyota mmoja hawezi kuibeba timu kama anavyoweza mchezaji wa kikapu, ambaye hucheza sehemu kubwa ya mchezo katika timu ya watu watano. Nathan MacKinnon na Sidney Crosby, waliocheza pamoja na Ice Lions, timu yenu ya hoki ya Kenya, ilipoalikwa Kanada mwaka 2018, wote wawili walikuwa wakati ule wakilipwa chini ya thamani yao, Crosby kwa dola milioni 8.7 kwa mwaka, kiwango ambacho amekubali kubaki nacho hata alipoongeza mkataba mwaka 2024. Ukigawa kwa mabao pekee, Crosby ataonekana wa kawaida, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake ni kuwaandalia wengine.

Kipa ni kinyume chake: ndiye pekee anayeweza kucheza dakika zote 60. Kazi yake hupimwa kwa asilimia ya mashuti aliyoyazuia, na kwa ugumu wa mashuti yenyewe, kwa sababu kipa wa timu yenye mabeki dhaifu huokoa mengi na bado hufungwa. Lakini ndiye pia mchezaji ambaye kumpa mkataba mrefu ni hatari kuliko wote, nami nitakueleza kwa mfano unaouma.

Julai 2017 Montreal Canadiens walimpa Carey Price mkataba wa miaka 8 wa dola milioni 84, yaani milioni 10.5 kwa mwaka, ulioanza msimu wa 2018-19. Hakuna kipa aliyekuwa amewahi kulipwa kiasi hicho, na hapakuwa na mtu aliyebisha kwamba ndiye bora wa kizazi chake. Mwaka 2021 aliibeba timu ambayo haikutarajiwa kufika popote mpaka fainali ya Kombe la Stanley, wakapoteza kwa Tampa Bay. Baada ya hapo goti likamshinda. Katika msimu wa 2021-22 alicheza michezo mitano tu, wa mwisho mwezi Aprili 2022, na hakurudi tena langoni, ingawa mkataba ulikuwa umebakiza misimu minne mizima. Katika NHL mchezaji aliyeumia huendelea kulipwa mpaka mkataba uishe, na hilo ni haki, kwa sababu ameumia akiwa kazini. Klabu nayo huruhusiwa kuzidi kikomo kwa kiasi fulani wakati mchezaji yuko kwenye orodha ya majeruhi wa muda mrefu, kwa hiyo Montreal hawakukwama kabisa, lakini kila mwaka mipango yao ilizungushwa kando ya jina la mtu asiyeweza kucheza. Septemba 2025 waliuhamishia mkataba huo San Jose, ukiwa umebakiza msimu mmoja.

Nikiulizwa kama mkataba ule ulistahili fedha zake, jibu langu ni hapana, na nalisema kwa uchungu kwa sababu nilimpenda Price kuliko kipa yeyote. Hakuna kosa alilolifanya. Kosa lilikuwa la urefu: alikuwa na miaka 31 mkataba ulipoanza, goti lake lilikuwa limekwisha kumsumbua kabla ya hapo, na klabu ikamlipa kana kwamba miaka minane ijayo itafanana na minane iliyopita. Angepewa miaka mitano, tungekuwa tunauhesabu leo miongoni mwa mikataba mizuri, kwa kuwa ile safari ya fainali ya mwaka 2021 ilikuwa ndani ya miaka mitatu ya kwanza. Kwa hiyo mwambie rafiki yako aache kugawa kwa mabao, na kabla ya kutazama jumla ya dola atazame kwanza mwaka wa kuzaliwa wa mchezaji na mwaka ambao mkataba utakwisha.